Kiti cha kando ya rubani kisikatiwe tiketi

Katika Jengo la Kwanza la Abiria la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, lile kongwe linalotumiwa na ndege ndogo, si ajabu kumwona mtalii akipandishwa mbele kabisa ya Cessna Caravan na kufungwa mkanda ubavuni mwa rubani, kiti cha kulia. Mbele yake upo usukani ulio pacha wa ule wa rubani, na chini miguuni zipo pedali zinazofanya kazi ileile. Ataambiwa asiguse kitu. Atatoa simu apige picha za bahari mpaka Zanzibar, safari ya dakika 20 hivi, kisha atashuka na kumbukumbu nzuri ya likizo. Ndege hiyohiyo, ikiondoka au ikirudi, muungurumo wake unasikika Yombo Vituka, Kiwalani na Kipawa, mitaa ambayo mtoto hujua kutofautisha Caravan na Airbus kwa sauti kabla hajaingia darasa la tatu. Hoja ya makala haya ni kwamba kiti kile cha mbele, kinachouzwa leo kama viti vya nyuma, ndicho kidato kilichokosekana katika ngazi ya urubani Tanzania, na kwamba kukirudisha kwa vijana wenye leseni kunahitaji kalamu ya mdhibiti kuliko kunavyohitaji mabilioni ya Hazina.

Tuanze na safari yenyewe, maana wazazi wengi huijua mwanzo wake tu. Viwango vinavyofuatwa hapa nchini chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, vinatokana na Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944, na kwa hiyo havitofautiani sana na vya Nairobi au Johannesburg. Leseni ya rubani binafsi hutolewa kwa aliyefikisha miaka 17, mwenye cheti cha afya, aliyefaulu mitihani ya nadharia na kuruka si chini ya saa 40, ambazo 10 kati yake awe ameruka peke yake bila mwalimu. Leseni hii ni sawa na ya kuendesha gari la nyumbani: unaweza kumpeleka mkeo Tanga au rafiki yako Mafia, lakini huruhusiwi kulipwa kwa kazi ya kurusha ndege. Anayetaka mshahara lazima apate leseni ya rubani wa biashara, umri miaka 18 na kuendelea, saa 200 za kuruka, au 150 akisoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa, kipimo cha afya cha daraja la kwanza, na Kiingereza cha redio kisichopungua daraja la nne kati ya sita. Juu kabisa ipo leseni ya rubani wa mashirika ya ndege, ile inayomruhusu mtu kuwa nahodha wa ndege kubwa ya abiria. Hiyo inadai saa 1,500.

Sasa tazama pengo. Kati ya 200 na 1,500 kuna saa 1,300 ambazo hakuna shule inayozifundisha. Ni saa za kazini. Na kazi yenyewe haimtaki mwenye saa 200. Kampuni ya ndege za kukodi inapomtafuta rubani wa Caravan hutaka kwanza awe na saa 500, nyingine hutaka 1,000, na sababu yake mara nyingi si roho mbaya ya mwajiri, ni masharti ya bima. Mwenye bima anaangalia daftari la saa kama benki inavyoangalia dhamana. Kijana akisema ana leseni halali ya TCAA, bima hujibu kwamba leseni inaonyesha alifaulu mtihani, haionyeshi amewahi kutua na abiria 12 huku upepo wa kusi ukimsukuma ubavuni. Hivyo anarudi nyumbani na leseni mkononi, na leseni yenyewe haikai kimya: cheti cha afya cha daraja la kwanza hudumu miezi 12 tu, ujuzi lazima uhakikishwe upya kila baada ya muda, na kila saa moja ya kuruka ili mkono usisahau inalipiwa mfukoni. Ndege nyingi ndogo za mafunzo zinakunywa petroli maalumu ya ndege, Avgas, ambayo haimiminwi kila kiwanja kama mafuta ya Jet A-1 na bei yake haina huruma.

Ukitaka kujua uzito wa pengo hilo, lipime kwa viwanja vya Chamazi na Bunju. Masomo ya kufikia leseni ya biashara katika shule za Kenya au Afrika Kusini hugharimu kwa kawaida kati ya dola 40,000 na 60,000, yaani karibu shilingi milioni 100 au zaidi kwa viwango vya kubadilisha fedha vya miaka ya karibuni. Kwa familia ya mwalimu, mfanyabiashara wa Tandika au ofisa wa kati serikalini anayeishi Tegeta, fedha hiyo haipo benki, ipo ardhini. Ni kiwanja, ni nyumba ya kupangisha, ni kiinua mgongo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa ajili ya shahada, na hata ilipoanza 2023/24 kukopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada, hesabu yake bado ni ya ada, malazi na vitabu, si ya kukodi ndege kwa saa. Kwa hiyo mzazi anauza. Anauza akiamini kwamba leseni ni tiketi ya kuingia Air Tanzania, kumbe anachonunua ni haki ya kusimama kwenye foleni.

Imani hiyo haikuzuka hewani. Tangu 2016 Serikali imenunua Q400, Airbus A220, Boeing 787, 737 MAX 9 na 767 ya mizigo, na kila moja imepokelewa kwa ngoma na kurushiwa maji. Picha iliyokaa kichwani mwa kijana wa Mbagala ni ya rubani mwenye mistari minne begani akishuka kwenye Dreamliner. Lakini ndege kubwa hata zikijaa uwanja haziajiri marubani wengi wachanga. Zinaajiri wachache waliokwisha kuiva. Tanzania ya kila siku angani ni ya ndege ndogo: Coastal, Auric, ZanAir, Air Excel, Regional Air na wenzao, wanaopeleka watu Mafia, Pemba, Songea, Seronera, Kogatende na Mtemere. Ongeza ndege za migodi zinazotua kwenye viwanja vyake Geita, Bulyanhulu na North Mara, za wahifadhi wanaohesabu tembo na kufukuza majangili, za wamisionari na tiba ya dharura, na za Wakala wa Ndege za Serikali, ambao pamoja na kumiliki zile zinazokodishwa Air Tanzania huwabeba viongozi kwa Gulfstream ile iliyozua mjadala mkali nchini ilipokuwa ikinunuliwa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Huku ndiko kwenye ajira. Na huku ndiko kijana asikokuona, kwa sababu hakuna anayempigia ngoma Caravan.

Ajira yenyewe, tuseme ukweli, haina urembo mwingi. Rubani wa ndege ya kukodi au ya kampuni anaamka saa kumi alfajiri kusoma hali ya hewa, anapima mizigo kwa mzani, anamwambia mtalii kwa adabu kwamba sanduku gumu haliingii, anasimamia mafuta, anapakia mabegi kwa mikono yake, kisha anaruka. Katika kiwanja cha udongo huko mbugani hupita kwanza chini juu ya njia ili kuwaondoa nyumbu au punda milia, ndipo azunguke atue. Akimbeba mkurugenzi wa kampuni, sehemu kubwa ya kazi ni kungoja: mkutano wa saa mbili unageuka wa saa saba, na rubani anakaa kivulini chini ya bawa akitazama wingu la mvua likipanda. Msimu wa masika kambi nyingi za kusini hufungwa na safari hupungua. Julai mpaka Oktoba hakuna kulala. Wapo wanaojenga maisha yao kwenye ndege za binafsi bila kukaa usukanini wakati wote. Susan Mashibe, aliyesomea mambo ya anga Western Michigan nchini Marekani akawa rubani na fundi wa ndege, alianzisha TanJet, kampuni ya kuhudumia ndege za viongozi na matajiri zinazopita hapa: vibali, mafuta, mapokezi. Soko lipo. Tatizo ni mlango wake.

Watu wa Temeke wanaujua mlango wa namna hiyo kwa jina jingine. Ukipita Kurasini au barabara ya Mandela, ukawauliza madereva wa malori yaendayo Tunduma na Rusumo walijifunzia wapi, wengi watakutajia kiti cha kushoto: walikuwa utingo. Leseni ya udereva ilipatikana shuleni au kwa ujanja, lakini udereva wa kushuka Kitonga na tani 30 mgongoni walijifunza kwa kukaa kando ya mtu anayeujua, kumwona anavyobadilisha gia kabla ya mteremko na si katikati yake, kumsikia anavyolaani breki. Hakuna tajiri wa malori anayemwambia kijana aende akanunue uzoefu kwa fedha zake kisha ndipo aje. Kwenye ndege ndogo, kiti cha utingo kipo, kimefungwa usukani na kila kitu, na tumemkalisha mtalii.

Je, sheria inaruhusu? Hapa ndipo wengi hukosea, hata baadhi ya walioko kwenye sekta. Cheti cha Caravan kinasema inaweza kurushwa na rubani mmoja. Kwa hiyo kijana akikaa tu kiti cha kulia kwa hisani ya nahodha, saa hizo hazihesabiki. Akiziandika kwenye daftari lake ni uongo. Lakini Kiambatisho cha Kwanza kinaeleza wazi hali ya ndege ya rubani mmoja ambayo nchi husika imeagiza irushwe na wawili: rubani mwenza anastahili kuhesabiwa saa zisizozidi nusu ya alizoruka kuelekea leseni ya juu zaidi, na nchi ina hiari ya kuhesabu zote ikiwa ndege ina vifaa vya watu wawili na inaendeshwa kwa utaratibu wa watu wawili. Rudia maneno hayo: nchi imeagiza. Siyo mtengenezaji wa ndege, siyo Montreal yaliko makao ya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, siyo mwenye kampuni. Ni TCAA, iliyoko Ukonga, kilomita chache kutoka uwanja wenyewe.

Chukua hesabu ya chini kabisa, ya nusu. Kijana mwenye saa 200 akiruka kama rubani mwenza saa 600 kwa mwaka, kiasi ambacho ndege inayozunguka Dar es Salaam, Zanzibar, Pemba na Tanga inakimudu bila kumchosha mtu, atahesabiwa 300. Amefika 500. Mwaka mmoja, bila kuuza kiwanja cha pili. Na saa hizo si za kuzunguka juu ya uwanja mmoja siku ya jua. Ni za kaskazi na kusi, za ukungu wa asubuhi, za kuongea na mnara wa kuongozea ndege kukiwa na ndege nne zinazosubiri, za kumwambia abiria tajiri kwamba leo haturuki. Marekani ilijifunza kwa uchungu kwamba idadi ya saa peke yake haitoshi. Baada ya ndege ya Colgan Air kuanguka karibu na Buffalo Februari 2009 na kuua watu 50, Bunge lao lilipandisha sharti la rubani mwenza wa shirika la ndege hadi saa 1,500, ilhali marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshavuka kiwango hicho. Tatizo halikuwa uchache wa saa zao. Swali lililobaki linahusu saa za namna gani, na nani alikuwa kando yako ulipokuwa ukizikusanya.

Kuna upande wa usalama ambao ni mzito kuliko ajira. Tarehe 15 Novemba 2017 Caravan iliyotoka Kilimanjaro kwenda Seronera ilianguka eneo la Empakaai, Ngorongoro, wakafa wote 11 waliokuwamo. Hakuna mwenye haki ya kusema jozi ya pili ya macho ingewaokoa, na makala haya hayasemi hivyo. Ndege yenye marubani wawili nayo huanguka. Ya Bukoba, Novemba 6, 2022, ilikuwa nao na watu 19 walipoteza maisha Ziwa Victoria. Ila tazama wanavyofanya wale wenye uwezo wa kuchagua. Kampuni kubwa za madini na mafuta, zinapokodi ndege ya kubebea wahandisi wao, huweka kwenye mkataba masharti ya usalama yaliyo makali kuliko ya sheria, na sharti la marubani wawili ni mojawapo ya yale ya kawaida, hasa kwa safari za usiku au za mawinguni. Hawafanyi hivyo kwa kupenda kulipa mishahara miwili. Wanafanya kwa kuwa rubani akizimia, akichanganyikiwa na mawingu, au akishawishika kuendelea na safari ambayo ingefaa iahirishwe, awepo wa kumwambia hapana. Mwalimu wa Kilindoni anayerudi kazini Mafia hana mwanasheria wa kumwandikia sharti hilo. Mwanasheria wake ni mdhibiti.

Wenye kampuni watasema, na wana haki ya kusikilizwa, kwamba kiti kimoja ni tiketi moja, na kwenye ndege ya abiria 12 au 13 tiketi moja ndiyo faida yenyewe. Ndege ndogo hapa nchini haziogelei kwenye fedha; mafuta, vipuri vinavyoagizwa kwa dola na matengenezo vinakula kila kitu. Tena uzito wa rubani wa pili unaweza kumaanisha kupunguza mafuta au mizigo kwenye kiwanja kifupi chenye joto kali. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana agizo lisiwe la kubeba mzigo mmoja kwa kampuni zote na njia zote kwa siku moja. Lianze na njia fupi zenye safari nyingi, zile za pwani na visiwani, ambako viwanja ni vya lami na uzito hausumbui sana. Kuhusu fedha, waajiri nchini tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo sehemu yake huenda VETA na sehemu imekuwa ikigharamia uanagenzi wa mafundi hotelini, viwandani na gereji. Kijana anayejifunza kazi kiti cha kulia ni mwanagenzi kama yule wa gereji ya Gerezani. Hakuna sababu ya kimantiki ya tozo hiyo kumjua fundi bomba isimjue rubani. TCAA nayo ina mfuko wake wa mafunzo uliowahi kuwasomesha vijana urubani. Badala ya kumalizia fedha zote kwa wachache wanaoanza sifuri, sehemu yake ilipie posho na fidia ya kiti kwa wale waliokwisha kufika saa 200 na kukwama. Shilingi ileile itaokoa watu wengi zaidi, maana gharama kubwa ilishalipwa na wazazi.

Pingamizi zito kuliko hilo ni la haki. Shule za msingi Temeke zina watoto wanaobanana kwenye dawati. Ni busara gani kuzungumzia marubani? Ni busara ikiwa fedha inayozungumziwa haitoki kwenye dawati. Tozo ya ujuzi haijengi madarasa, na kiti cha kulia kinaruka leo kila saa, kiwe na mwanagenzi au kiwe na mpiga picha. Hata hivyo pingamizi hilo lina ncha nyingine isiyokwepeka: huu si mpango wa kuwasaidia tena watoto wa wenye nacho, waliokuwa na kiwanja cha kuuza? Kwa hatua ya kwanza, ndiyo, utawafaidi zaidi wao. Lakini fikiria namna mlango unavyofunguka sasa. Irene Koki Mutungi wa Kenya, aliyepata unahodha wa Boeing 787 mwaka 2014 akiwa mwanamke wa kwanza Afrika kuufikia, ni mfano wa kujivunia. Na baba yake alikuwa rubani wa Kenya Airways kabla yake. Palipo na uhaba wa viti, kiti hupatikana kwa kujuana. Nafasi za kiti cha kulia zikitangazwa hadharani, zikagawiwa kwa mtihani na kwa zamu, ndipo benki au mfadhili anaweza kuthubutu kumkopesha mtoto wa Mbagala aliyefaulu fizikia na hisabati, kwa kuwa inaonekana mkopo utarudi. Leo hakuna benki yenye akili inayokopesha mtu kufika saa 200 ambazo haziajiri.

Na vyuo vyetu? Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, eneo lililokuwa Kinondoni kabla ya Ubungo kuzaliwa 2016, kimepewa zaidi ya dola milioni 20 kupitia mradi wa Benki ya Dunia ili kiwe kituo cha umahiri wa mambo ya anga, na kimenunuliwa ndege za mafunzo. Ni jambo la heri na lilichelewa. Afrika Mashariki ilikuwa na shule ya pamoja Soroti tangu 1971. Jumuiya ilipovunjika 1977 shule ilibaki Uganda, na sisi tukabaki na barua za maombi ya ufadhili. Lakini NIT ikifaulu sana bila kidato cha katikati kuwepo, itakachofanya ni kurefusha foleni. Itazalisha vijana wenye saa 150 au 200 kwa bei nafuu zaidi, wakutane na mwenye bima yuleyule. Njia nyingine ya kukusanya saa, ile ya kuwa mwalimu wa kurusha ndege chuoni, ni nzuri na NIT iitumie, ila walimu wanaohitajika huhesabika kwa vidole.

Wengine watasema kwamba vijana hawa wakishaiva watakimbilia Ghuba. Baadhi wataondoka. Madaktari huondoka, wahasibu huondoka, na hakuna aliyependekeza tufunge Muhimbili. Anayehitajiwa na mashirika ya Doha na Dubai ni mwenye maelfu ya saa; kabla hajafika huko atakuwa ameturushia ndege miaka kadhaa, na mkataba wa kutumikia miaka mitatu au minne kwa aliyefadhiliwa kiti ni jambo la kawaida duniani. Tusisahau upande wa pili wa sarafu hiyo: kwa miaka mingi marubani wengi wa ndege zetu za kitalii wamekuwa wageni wenye vibali vya kazi, waliokuja hapa hasa kukusanya saa ili waende Ulaya. Vijana wa nje wamelitumia anga letu kama kidato cha katikati cha ngazi yao. Sisi ndio tuliokikosa.

Onyo moja ni la lazima, kwa kuwa biashara hugeuza kila kitu. Duniani wapo waajiri wanaowauzia vijana kiti cha rubani mwenza: lipa, ruka, andika saa. Kanuni ikiandikwa kizembe, mtalii ataondolewa na mahali pake atawekwa mtoto wa tajiri aliyelipia, na hapo tutakuwa tumebadilisha mnunuzi wa tiketi tu. Kwa hiyo kanuni ikataze kijana kulipa hata senti kwa kiti hicho, na itake awe amefundishwa kwanza kazi ya marubani wawili, nani anasoma orodha ya ukaguzi na nani anarusha, nani ana neno la mwisho. Na nahodha anayekaa naye awe amepewa idhini ya kufundisha. Rubani mwenza asiyejua kazi yake ni abiria anayeongea, na afadhali yule wa simu aliyeambiwa asiguse kitu.

TCAA haihitaji sheria mpya ya Bunge kwa hili. Inazo kanuni za leseni na za uendeshaji wa ndege inazozihuisha mara kwa mara. Iite wenye kampuni, wenye bima na NIT mezani, ianze na njia za Zanzibar, Pemba na Mafia, na itaje tarehe. Mpaka hapo, mzazi wa Chamazi au Bunju ambaye mtoto wake ameng'ang'ania urubani asimkatishe tamaa, ampeleke akapimwe afya ya daraja la kwanza mapema kabla ya kulipa ada yoyote, maana macho na moyo vimewarudisha wengi nyumbani baada ya fedha kwisha. Lakini asiuze kiwanja kwa ajili ya leseni ya biashara kabla ya kuwa na barua ya kampuni inayosema mwanawe atakaa wapi baada ya saa ya 200.